Unachokodisha Juu ya Paa: Hotuba kwa Wamiliki wa Majengo ya Dar es Salaam

Ndugu wamiliki, wasimamizi wa majengo, na nyinyi wajumbe wa kamati za wakazi wa maghorofa, habari za asubuhi.

Wakala wa kampuni ya simu akifika kwa mwenye ghorofa kutaka kukodi paa la kuweka antena, swali lake la kwanza ni moja: unataka shilingi ngapi kwa mwezi? Mwenye ghorofa anataja bei, wanavutana kidogo, wanashikana mikono. Kisha unaletwa mkataba wa kurasa ishirini na kitu, na mwenye nyumba anasaini bila kuusoma kwa kuwa anaona jambo limekwisha. Ndiyo kwanza limeanza. Pango ni mstari mmoja tu humo ndani. Wenye majengo hupoteza fedha kwenye mambo matatu mengine: mpangaji ameruhusiwa kuongeza nini, ameruhusiwa kumpa nani, na siku ya kuondoka ataondoka vipi. Hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi. Bei nitaifikia.

Kwanza mjue mnayejadiliana naye. Anayegonga mlango mara nyingi si mwajiriwa wa kampuni ya simu. Ni wakala wa kutafuta saiti, yaani mahali pa kuweka antena na mitambo yake, na malipo yake hutegemea mikataba iliyosainiwa. Hana mamlaka ya kubadilisha vipengele, na akikuambia "huu ni mkataba wa kawaida, wote wamesaini", anasema ukweli wa upande wake. Mwambie apeleke mapendekezo yako kwa maandishi kwa idara ya sheria ya kampuni, na usubiri majibu kwa maandishi. Ahadi aliyoitoa ngazini haimo kwenye mkataba.

Halafu, uliyesaini naye leo huenda si utakayekuwa naye baada ya miaka mitano. Angalieni historia ya soko letu. Vodacom Tanzania ilikubali mwaka 2013 kuiuzia kampuni ya minara ya Helios Towers minara yake zaidi ya 1,100. Tigo ilikuwa imeshatangulia kwa kampuni hiyohiyo, na mwaka 2024 jina la Tigo lenyewe likageuka Yas. Airtel nayo, Januari 2022, ilikamilisha mauzo ya minara yake takriban 1,400 kwa ubia unaoongozwa na SBA, kampuni ya minara ya Marekani. Hakuna ubaya katika biashara hiyo. Lakini kampuni ya simu na kampuni ya minara zina mahitaji tofauti. Ya kwanza inataka antena zake zifanye kazi. Ya pili inataka wapangaji wengi iwezekanavyo juu ya nguzo moja, kwa sababu hapo ndipo faida yake ilipo. Ukimpa wa kwanza haki ya kuhamisha mkataba na kupangisha wengine bila kukuuliza, umeshampa wa pili jengo lako kabla hujamjua.

Kwa hiyo kipengele cha kuhamisha mkataba kiandikwe hivi: mpangaji anaweza kuhamishia kampuni tanzu yake au mnunuzi wa mtandao wake, kwa notisi ya siku 30, na anayepokea asaini hati ya kukubali wajibu wote, pamoja na madeni ya nyuma. Kwa mwingine yeyote, ridhaa yako kwa maandishi kwanza. Kampuni hukubali hili bila kelele nyingi. Wanachokipigania ni cha kupangisha tena, na huko tutarudi.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisheni paa ni lenu. Mpangaji wa nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa hana paa la kukodisha, hata kama yuko ghorofa ya juu kabisa na funguo za ngazi anazo yeye. Jengo lililogawanywa kwa hati za sehemu, chini ya sheria ya mwaka 2008, paa lake ni eneo la pamoja: anayesaini ni chama cha wamiliki wa sehemu kwa uamuzi wa kikao chenye muhtasari, na fedha zinaingia kwenye akaunti ya chama. Kama jengo limewekwa rehani benki, someni hati ya rehani, kwa maana nyingi zinadai ridhaa ya benki kabla ya kupangisha. Mkataba wa paa ulioruka benki ni sababu tosha ya benki kukusumbua.

Sasa, nguvu yako iko wapi mezani? Mhandisi wa mtandao huchora duara kwenye ramani, na wakala hutakiwa kuleta majengo mawili au matatu ndani ya duara hilo. Katikati ya jiji, kwenye Kariakoo au Posta, saiti hukaa mita mia chache tu kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo duara ni dogo. Hawatakuambia kama wewe ni chaguo la kwanza au la tatu. Zitazame dalili. Wakija kupiga picha kwa simu na kuondoka, bado wanapima. Wakimleta mhandisi wa miundo, wakapima slabu, wakapanda na kamera kuangalia kama dishi watakaloweka kwako litaonana na saiti nyingine, wameshatumia fedha kwako. Muda wa kudai vipengele ni huo, kabla vibali havijaombwa. Wakati mzuri kuliko huo ni mmoja tu, nao ni wa kuhuisha mkataba, kwa sababu kuhamisha saiti inayofanya kazi ni gharama, ni vibali upya, na ni shimo la mtandao mtaani. Ukipata barua inayosema "kampuni inapunguza saiti, punguza pango au tunaondoka", usikimbilie kalamu. Panda juu uhesabu vilivyopo. Kama vifaa vimeongezeka tangu mkataba wa kwanza, barua hiyo ni mbinu.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani antena ni kitu chepesi.

Antena bapa moja ina urefu wa mita 1.4 hadi 2.6 na uzito wa kilo 20 hadi 50. Nyuma yake kuna redio, kilo 15 hadi 35 kila moja, na kila bendi, yaani kila kundi la masafa ya mawimbi, ina yake. Saiti ya kawaida ina sekta tatu, yaani pande tatu inakorusha mawimbi, kwa hiyo zidisha mara tatu. Mtandao wa 5G unaleta antena nyingine yenye redio ndani. Ongeza madishi, ngazi za nyaya, fremu za chuma na matofali ya zege ya kushikilia fremu pale ambapo slabu haikutobolewa. Matofali hayo peke yake yanaweza kufika tani kadhaa.

Mzigo mbaya kuliko yote ni kabati la betri. Betri nne za risasi za ampea-saa 150 zinakaribia kilo 200, na kabati lenye seti mbili pamoja na mitambo ya umeme linafika nusu tani, likiwa limekaa kwenye eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Sasa linganisheni: slabu ya paa inayopandwa kwa matengenezo tu, kwa viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wengi wamevitumia, husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa mita ya mraba, na paa lisilopandwa husanifiwa kwa kilo 60 hivi. Kabati likiwekwa katikati ya slabu, mbali na nguzo, hesabu haifungi. Dawa yake inajulikana: mihimili ya chuma ilazwe kutoka nguzo hadi nguzo, au kutoka boriti hadi boriti, na kabati likae juu ya mihimili hiyo. Vilevile dai betri za lithiamu, ambazo kwa kiasi kilekile cha umeme uzito wake hupungua kwa nusu au zaidi.

Halafu kuna upepo. Antena ya mita 2 kwa sentimita 40, upepo ukivuma kilomita 144 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100 hivi. Iweke juu ya nguzo ya mita 6, zidisha kwa antena zote, na mzigo huo wote unaishia kwenye bolti chache zilizofungwa kwenye slabu au, vibaya zaidi, kwenye ukuta wa ukingo wa paa uliojengwa kwa tofali bila nondo. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu Mei 2024, kwa hiyo tusiseme huku hakuna upepo. Na baada ya jengo la Kariakoo kuporomoka Novemba 2024, mwenye ghorofa anayepokea mzigo mpya juu bila karatasi ya mhandisi anajitafutia kesi.

Kwa hiyo ripoti ya uimara wa jengo iwe sharti la kuanza kazi. Iandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, mpangaji alipe, lakini nakala ya mahesabu uwe nayo wewe. Na usikubali ripoti ya jumla inayosema jengo "linafaa". Inatakiwa itaje kila kifaa, uzito wake, na mahali kilipokaa.

Ripoti hiyo inakupa kiambatisho muhimu kuliko vyote katika mkataba: orodha ya vifaa na mchoro wa paa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba ulioandikwa "antena na vifaa vinavyohusiana, kama mpangaji atakavyoona inafaa" hauna daftari. Wewe andika: antena 6, vipimo hivi, redio 9, dishi 2 za sentimita 60, kabati 1, eneo la mita za mraba 12 lililopigwa rangi kwenye mchoro, njia ya nyaya kutoka hapa hadi pale. Kubadilisha kifaa kwa kingine cha ukubwa na uzito uleule au pungufu ni ruksa, kwa taarifa. Kuzidisha idadi, uzito au eneo ni maombi mapya, hesabu mpya ya mhandisi na nyongeza ya pango. Bila maneno hayo, 3G itakuwa 4G, 4G itakuwa 5G, paa litajaa, na pango litabaki la siku ile ya kwanza.

Kuna kipengele kingine kinachopita kimya: mwenye jengo "hatazuia mawimbi". Kisomeni polepole. Kwa maneno hayo umekodisha pia hewa iliyo mbele ya antena. Huwezi kuinua tanki la maji, kuweka sola wala bango la matangazo bila ruhusa ya mpangaji wako. Kipunguze: kizuizi kihusu tu pembe na kimo kilichochorwa, na sehemu ya paa uliyojibakizia itajwe wazi, ikiwemo nafasi ya matanki na sola ya baadaye.

Kuhusu mionzi, wapangaji wenu watauliza, na jibu lisiwe la kubahatisha. Antena hizi hurusha nguvu zake mbele, katika ukanda mwembamba wa kwenda juu na chini, kwa kawaida chini ya nyuzi 10. Chumba kilicho chini ya slabu hupata kidogo sana. Hatari iko mbele ya antena, kwenye kimo chake. Kwa kikomo cha kimataifa cha umma kwenye bendi ya megahezi 900, ambacho ni wati 4.5 kwa mita ya mraba, antena inayorusha wati 40 katika bendi moja huhitaji nafasi ya takriban mita 6 mbele yake. Bendi zikiwa kadhaa, nafasi inakaribia mita 10 au kuzidi. Sasa fikirieni mitaa myembamba ya Kariakoo, ambako dirisha la jirani ng'ambo ya barabara liko kwenye kimo cha antena yako. Dai mchoro wa eneo lisiloruhusiwa watu kupita, mabango ya tahadhari, na vipimo vya Tume ya Nguvu za Atomiki baada ya saiti kuwashwa na kila inapoongezwa bendi. Dai pia haki ya kuzimiwa sekta: fundi wa tanki au mpaka rangi akihitaji kufanya kazi mbele ya antena, ukitoa taarifa ya saa 48 sekta hiyo izimwe bila malipo. Hiki hukataliwa mwanzoni, lakini ukisimama imara kinapita, kwa sababu mafundi wao wenyewe huzima kabla ya kupanda.

Haya, bei. Hakuna orodha rasmi ya bei za paa, na anayewaambia ipo anawauzia kitu. Waulizeni majirani wenye saiti, na muulize vitu vinne kwa pamoja: pango, ongezeko, umeme na idadi ya wapangaji. Pango peke yake halilinganishiki.

Ongezeko ndilo linalosahaulika. Chukua pango la shilingi milioni 1 kwa mwezi kwa miaka 10. Bila ongezeko utapokea milioni 120. Kwa asilimia 10 kila baada ya miaka mitatu, utapokea takriban milioni 135. Kwa asilimia 5 kila mwaka, takriban milioni 151. Wakala anayekupandishia pango la mwanzo kwa laki moja huku akifuta ongezeko la kila mwaka amekupa milioni 12 na kuchukua 31. Na msitegemee dola kuwalinda kama zamani: tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza bei za huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Ongezeko la kila mwaka kwa shilingi ndiyo kinga iliyobaki.

Kodi ya zuio ni asilimia 10 ya pango. Mpangaji anaikata na kuipeleka TRA. Mkataba useme pango lililotajwa ni kabla au baada ya makato hayo, na mpangaji akupe cheti cha zuio kila malipo yanapofanyika. Kama umesajiliwa VAT, asilimia 18 iwe juu ya pango, isiwe ndani yake. Ushuru wa stempu andikeni nani analipa, na hakikisheni umelipwa, kwa sababu mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani mpaka ulipiwe.

Umeme nao msiufanyie mchezo. Saiti inayotumia kilowati 4 muda wote hula uniti 2,880 kwa siku 30. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo, hiyo ni zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Pango "linalojumuisha umeme" linaweza kuliwa lote na LUKU. Mpangaji aombe mita yake TANESCO. Ikishindikana, afunge mita ndogo inayosomwa na pande zote mbili mwisho wa mwezi, na alipe ndani ya siku 14. Jenereta juu ya paa kataeni moja kwa moja: mtikisiko, kelele, moshi, na dizeli juu ya vichwa vya watu. Ikibidi iwepo, ikae chini, kwa pango lake la eneo hilo.

Sasa kupangisha tena. Kampuni ya minara itasema inalipa pango kamili kwa nguzo, kwa hiyo wanaoingia baadaye ni biashara yake. Wewe jibu kwamba kila anayeongezeka analeta uzito, nyaya, mafundi na umeme kwenye jengo lako. Njia ni mbili: kiasi maalumu kwa kila kampuni inayoongezeka, au asilimia ya kile mpangaji anachokusanya kwake. Kiasi maalumu ni bora kwa mwenye jengo, kwa sababu asilimia inakulazimu kukagua vitabu vya mwenzio, na hutaviona. Dai pia orodha ya walioko juu, kila Januari, na haki ya kupanda kuhesabu mwenyewe.

Muda wa mkataba. Mara nyingi utaona miaka 10, na haki ya mpangaji kuongeza mitano, na mitano tena, kwa hiari yake peke yake. Na yeye anaweza kuvunja kwa notisi ya miezi mitatu wakati wowote, wewe huwezi. Sawazisha: kuhuisha kuwe kwa makubaliano, au bei ipitiwe upya kila muhula unapoanza, yeye asiondoke kabla ya miaka mitatu ya mwanzo, na akiondoka kabla ya muda alipe pango la miezi 12. Wewe nawe uwe na haki ya kuvunja kwa notisi ya miezi 12 ukitaka kubomoa, kuongeza ghorofa au kuuza jengo likiwa tupu. Kwa wenye viwanja vya Kariakoo na Upanga, ambako nyumba za zamani zinabomolewa kila mwaka, hiki ni muhimu kuliko pango lenyewe. Mwekezaji mwenza anayetaka kujenga ghorofa 12 hatangoja antena ya mtu imalize miaka 20.

Kuna na ukarabati. Paa lote litahitaji kuzibwa upya maji siku moja. Andika kwamba, kwa notisi ya siku 90, mpangaji atahamisha vifaa kwa muda kwa gharama yake, mara moja katika kila muhula. Na kila tundu analotoboa kwenye slabu lizibwe na fundi aliyeweka kizuia maji chako, la sivyo dhamana ya kazi ile inakufa. Uvujaji mwingi unaosumbua majengo yenye antena hutoka kwenye bolti na kwenye miguu ya ngazi za nyaya, na huonekana masika ya pili au ya tatu, wakati mafundi wameshasahau. Huku pwani, chuma chote kiwe cha zinki ya kuchovya. Rangi ya kupaka haimalizi misimu mitatu ya chumvi.

Kuhusu kuingia, watadai saa 24, na kwa dharura wana haki. Weka daftari kwa mlinzi: jina, kitambulisho, kampuni, namba ya kazi, saa ya kuingia na kutoka, alichobeba kupanda na alichobeba kushuka. Hilo la mwisho ndilo linaloamua ugomvi betri zikiibwa. Bima ya madhara kwa watu wengine iwe na jina la mwenye jengo kama mnufaika, na nakala ije kila mwaka kabla ya malipo.

Na kuondoka. Mkataba ukiisha, mpangaji awe na siku 60 za kung'oa kila kitu, pamoja na fremu, mabomba, waya wa ethi na betri, kuziba matundu na kurudisha paa lilivyokuwa. Pango liendelee kuhesabiwa mpaka bolti ya mwisho itoke, si mpaka siku ya kuzima mtambo. Chukua dhamana mapema, ya benki au pango la miezi mitatu uliloshikilia, kwa sababu kampuni inayofunga saiti haina haraka ya kutuma kreni. Betri za risasi zilizoachwa ni taka hatarishi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, itamfuata mwenye jengo aliye karibu, si kampuni iliyohama.

Ili hilo la "lilivyokuwa" liwe na maana, kabla ya fundi wa kwanza kupanda piga picha za paa lote zenye tarehe: kila kona, kila ufa uliokuwepo, ukingo, mifereji, chini ya matanki, na dari za vyumba vya ghorofa ya juu. Zichapishe, pande zote mbili zisaini nyuma ya kila picha, ziwe kiambatisho cha mkataba. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Maswali sasa, na mwenye mkataba mkononi aje nao mbele tuusome pamoja.